Miguu Isiyotaja Bei

Hakuna jambo la kunishangaza mimi. Nimemwona mtu akiuza kiwanja kimoja kwa wanunuzi wawili ndani ya wiki moja na kuhudhuria harusi za wote wawili. Nimemwona mhasibu mwenye vyeti vitatu akishindwa kuhesabu mabati yaliyo mbele ya pua yake. Nimejenga nyumba ya ghorofa Mahajanga bila kumaliza darasa la nne. Aliyeanza kwa kubeba magunia ya sukari mgongoni na leo ana malori mawili na duka la mabati hashangazwi na kitu. Basi nikikwambia kwamba mzee mmoja mkanyaga migongo ya watu alinishangaza, tena mara moja tu katika miaka thelathini na kitu, ujue nimelipima neno kabla ya kuliandika.

Nitamwita Mkandaji. Jina lake siliandiki kwa sababu wajukuu zake bado wananunua mabati kwangu. Na kuzaliwa kwake sitakusimulia, ingawa yeye angekusimulia kabla hujakaa kitako. Kuzaliwa ndiko kulikokuwa mtaji wake. Alitoka tumboni mwa mamake kwa kutanguliza miguu, na huku kwetu wapo wanaoamini kwamba aliyekuja duniani hivyo amekuja na dawa nyayoni: akikukanyaga mgongo, maumivu yanakimbia. Watu wengine wamezaliwa vivyo hivyo na wamekuwa waoka mikate. Yeye alifungua tiba.

Niseme pia kwamba maneno yake hakuyasema kwa Kiswahili. Alisema Kimalagasi cha pwani yetu, akikichanganya na Kikomoro alipokuwa na watu wa nyumbani kwetu. Kiswahili hiki ninachoandika nimekipata kwa babu yangu, ambaye kilikuwa kimembakia kwenye dua, mizani na bahari tu. Kilichopungua nimekiokota Zanzibar na Mombasa kwa miaka ya kununua na kuuza. Hakuna mwalimu anayenidai.

Mahajanga, pwani ya Madagaska, ndiko nilikozaliwa. Miaka ya sabini ilipokuwa inaelekea mwisho, baada ya ile miaka mibaya iliyowatawanya watu wa asili ya Komoro, mama alituchukua akatupeleka kisiwa cha Nosy Be, Dzamandzar, penye kiwanda cha sukari. Chumba chetu kilipakana na cha Mkandaji. Ukuta ulikuwa wa bati na majani, kwa hiyo nilijifunza kazi yake kwa masikio kabla ya macho. Kwanza ungesikia maji: anaosha miguu mara tatu, maji ya mwisho yana maua ya langilangi. Kisha mgonjwa anaguna. Kisha mfupa unalia, ka. Kisha sauti yake, tulivu, kama mtu aliyefungua kufuli: "Umesikia?"

Kila mara, umesikia. Kana kwamba mlio ndio uponyaji. Vidole vyangu pia vinalia nikivivuta, na sijawahi kumwalika mtu aje asikilize.

Miguu yake aliitunza kuliko wanawake wanavyotunza nyuso. Katika joto lile la Nosy Be, ambapo hata kuku hutafuta kivuli, mzee yule alivaa soksi za sufu, za kijivu, tangu asubuhi hadi saa ya kulala. Wafanyakazi wa kiwanda walimtania kwamba anaatamia mayai. Yeye akajibu kwamba seremala hafungi jembe kwenye randa yake. Alikuwa na misemo mingi ya namna hiyo, na ukiigeuza kuitazama upande wa pili hukuti kitu. "Mgongo hausemi uongo, mwenye mgongo ndiye." "Maumivu yaliingia kwa mlango, hayawezi kutoka kwa dirisha." Watu walitikisa vichwa. Mimi nilikuwa kijana wa magunia, nikajiuliza mlango wa kiuno uko wapi.

Nilimpima, kwa sababu mimi ni mtu wa kupima. Nilikwenda nikamwambia nina maumivu bega la kushoto. Sikuwa na maumivu yoyote. Akanilaza juu ya mkeka, akapanda, akatafuta kwa kidole gumba cha mguu, akalipata fundo, kushoto. Wiki ya pili nikamwambia kulia. Akalipata kulia, tena kubwa zaidi. Wiki ya tatu nikakaa kimya, nikamwambia atafute mwenyewe. Alizungukazunguka juu ya mgongo wangu kama mtu aliyepoteza ufunguo gizani, mwisho akashuka, akasema maumivu yangu ni ya haya, yamejificha. Nilicheka hadi nje. Nikasimulia kiwandani kote. Unafikiri alipoteza mgonjwa hata mmoja? Wiki ile foleni ilifika mlangoni kwetu. Kila mtu alitaka kujua kama yake ni ya haya au si ya haya.

Siri yake niliijua mapema, na nitakupa bure. Kiuno cha mbeba magunia kina tabia ya mgeni: ukimvumilia, siku ya kumi anaaga mwenyewe. Watu walikwenda kwa Mkandaji siku ya nane au ya tisa, wakishachoka kuvumilia. Siku ya kumi na moja wanacheza ngoma na kumtukuza. Karani wa mizani pale kiwandani, mtu mzima, msomi, alimletea jogoo kwa kumponya shingo iliyokakamaa. Mimi nilikuwa nimekakamaa shingo mwezi uleule, nikalala, nikapona kabla yake, na jogoo wangu nikamla mwenyewe.

Alikuwa pia na unga mweupe, aliouchanganya na asali kwa wale ambao kukanyagwa hakukuwatosha. Alisema unatoka msituni, kule juu mlimani. Siku moja nikifagia nyuma ya nyumba nikakuta karatasi zile za kung'aa za vidonge, rundo zima, vidonge vya maumivu vinavyouzwa kwenye duka lolote. Nikampelekea mkononi. Hakubabaika. Akaniambia hospitali wanavitoa vilevile, tofauti ni kwamba hawana asali.

Lakini kulikuwa na watu ambao hakuwakanyaga, na hili nalisema kwa sababu mizani yangu haina jiwe la uongo. Mtoto hakumkanyaga, wala mja mzito, wala mwenye homa. Hao aliwaambia waende kwa daktari, tena kwa kunong'ona, kama mwenye duka anayekuelekeza kwenye duka la mpinzani. Na mimi nilipoangukiwa na gunia nikiwa na miaka kumi na tisa, nikashindwa kuinuka, mama alimwita. Alikuja na soksi zake, akanitazama, hakuzivua. Siku nane alikaa kwenye kigoda pembeni yangu akinilisha uji na kunikataza kusimama. Hakufanya lolote. Hiyo ndiyo tiba pekee ya maana niliyomwona akiitoa, na ndiyo pekee ambayo hakuisifia.

Sasa sikiliza kanuni zake mbili, maana bila hizo hutanielewa huko mbele.

Ya kwanza: hakutaja bei. Kamwe. Karama haina bei, alisema. Unaweka ulichojaliwa chini ya mkeka, yeye haangalii mpaka umeondoka. "Siku nitakayotaja bei," aliwaambia wote, mkubwa kwa mdogo, "miguu hii itakuwa miguu tu." Watu waliona huo ni ucha Mungu. Mimi mfanyabiashara niliona ujanja wa hali ya juu: kitu kisicho na bei hakuna awezaye kusema ni ghali, wala kudai arudishiwe.

Ya pili: mgonjwa haachi mpaka Mkandaji aseme, "Nimemaliza." Ukiacha kabla, maumivu yanabaki njiani, yanarudi na wenzake. Kwa kanuni hiyo wako watu waliokanyagwa miaka sita.

Kiwanda kilipoanza kufa, wagonjwa wake walitawanyika. Watalii wakaanza kuja Nosy Be, na Mkandaji akapata bahati: wazungu wana migongo pia. Walilala kwenye mkeka wake wakitabasamu kabla hajawagusa. Mmoja alimwachia mchoro mkubwa wa mifupa ya mtu, wenye rangi. Akautundika ukutani kichwa chini. Nilipomwambia, akajibu kwamba mtu akilala yeye humwanzia miguuni, kwa hiyo kwake ndiyo juu. Huyo ndiye aliyekuwa akirekebisha pingili za shingo za watu.

Mimi nilirudi Mahajanga na akiba yangu, nikanunua mabati kumi, nikauza, nikanunua ishirini. Hadithi hiyo ni ndefu na ni nzuri, lakini si ya leo. Nilipokuwa tayari mtu wa kuamkiwa barabarani, nani namkuta pale Belobaka, nje ya mji, kando ya barabara ya kwenda bara, na kibao chake kimeandikwa kwa Kifaransa chenye makosa ambayo hata mimi niliyaona? Mkandaji. Amezeeka, soksi zilezile. Akaniita "Bwana Mabati", na tangu siku hiyo hakuniita vingine.

Mke wangu ndiye aliyefurahi. Yeye hudarizi kofia, zile nyeupe za vitundu ambazo bwana harusi hawezi kutoka bila hizo. Kofia moja miezi mitatu, kila kitundu kinazungushiwa uzi kwa sindano. Katika mji mzima hawafiki watano wa kumfikia, na hili sisemi kwa kuwa ni mke wangu. Ila shingo iliinama juu ya kofia miaka ishirini, na shingo ina hesabu yake. Kwanza ilimuuma. Kisha uchungu ukashuka begani. Kisha vidole vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi asubuhi.

Kila Ijumaa baada ya sala alikwenda Belobaka. Alirudi mwepesi, analala vizuri, Jumapili maumivu yote yamerudi. Nilimcheka. Nilimcheka mbele ya wageni, mbele ya watoto, nikaiga Mkandaji akitafuta ufunguo mgongoni. Na kila Ijumaa nilimpa mke wangu noti ya kuweka chini ya mkeka, noti ndogo, ariari elfu moja.

Siku moja aliniambia afadhali shingo ipigwe picha hospitalini. Nikamuuliza, mbele ya wageni watatu waliokuwa wakinywa chai, "Tulipie picha ya mfupa ambao tunao wenyewe?" Wageni walicheka vibaya sana. Mmoja alimwaga chai. Nililipenda neno lile, nikalirudia mwaka mzima popote palipokuwa na wasikilizaji. Yeye hakuitaja picha tena.

Halafu sindano ikaanza kuanguka. Hailii inapoanguka, ni sindano. Nilijua tu kwa kuwa alikuwa anainama kuitafuta, kila mara muda mrefu zaidi. Kofia ya mwisho, ya mtoto wa dada yangu, aliikabidhi ikiwa na vitundu ambavyo havikuzungushiwa uzi. Dada aliikunja haraka akaitia mkobani.

Ndipo nikampeleka kwa daktari, kijana wa kike, kampita binti yangu umri kidogo tu. Alimwambia afumbe ngumi, akampiga viungo kwa kinyundo, akaagiza picha ya kwanza na ya pili iliyo kubwa zaidi. Alitueleza polepole, bila msemo hata mmoja. Kati ya pingili mbili za shingo kuna kitu kimetoka mahali pake, kinabana mshipa wa fahamu unaokwenda mkononi, na sasa kinaanza kugusa ule mkubwa unaokwenda miguuni. Aende mji mkuu apasuliwe, mapema. Na mtu yeyote asimguse shingo. Akikanyagwa mara moja vibaya, anaweza asisimame tena.

Tulipotoka nje mke wangu akasema atakwenda, ila Mkandaji hajamaliza.

Nilidhani ananitania. Nikamweleza upya yote aliyosema daktari. Akasikiliza, akakubali kila neno, akasema, "Miaka yote hii ameibeba shingo yangu, Baba Halima. Siwezi kuiacha njiani. Akisema amemaliza, nitapanda gari siku hiyohiyo." Nikafoka, nikabembeleza, nikaleta shehe, shehe naye akamwambia aende kwa daktari, na kumbe shehe mwenyewe hukanyagwa kila Jumatano. Ijumaa ilikuwa siku tatu mbele. Nilipitisha siku mbili nikiwaza kitu kimoja: mguu wa mzee wa miaka sabini na kitu juu ya shingo ile.

Alhamisi ilikuwa siku ya kurudi hospitali kuchukua barua ya safari. Alikubali kuja kwa kuniridhisha tu. Ukumbini, kwenye benchi refu la mbao, katikati ya watu na makaratasi yao, nikaona soksi za kijivu.

Alikuwa amekaa upande mmoja, kama kikapu kilichokatika mpini. Nyonga ilikuwa imemwisha; hakuweza kunyoosha mguu. Mkononi ameshika karatasi ya kupigwa picha, ambayo hajailipia.

Miaka thelathini nilikuwa nikiingojea siku ile. Nilikuwa na maneno yangu tayari, mazuri, yamenolewa. Nikasimama mbele yake nikasema, "Fundi, maumivu yako ni ya haya? Yamekushinda kuyapata?"

Watu wawili kwenye benchi walicheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Akasema, "Nimejikanda mwezi mzima, Bwana Mabati. Mtu hawezi kujikanyaga mwenyewe."

Mke wangu alimwamkia kwa heshima zake zote, akamuuliza kesho aje saa ngapi. Nikamkata. Nikamwambia mzee yule yote, pingili, mshipa, miguu, mji mkuu, sauti yangu ikasikika hadi dirisha la malipo. Nikamwambia, "Sema umemaliza. Neno moja."

"Siwezi kusema nimemaliza," alijibu. "Sijamponya. Ningekuwa namdanganya."

Sasa anakumbuka uongo. Nikamwambia unga wa msituni haukuwa uongo? Nikamwambia amekula Ijumaa za mke wangu kwa miaka akijua hajui. Akaniinulia uso.

"Nilijua. Vidole vilipoanza ganzi, nilimwambia akapigwe picha. Nilimwambia mara tatu."

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa anatazama sakafu.

"Hukuniambia ni yeye aliyesema," nikamwambia.

"Ningekwambia ni yeye," akasema, "ungecheka zaidi."

Nikamgeukia mzee. "Ulijua, na ukaendelea kumkanyaga."

"Alirudi, nikaendelea. Wewe ulijua zaidi yangu. Tangu Dzamandzar ulijua hakuna kitu nyayoni humu. Na kila Ijumaa ulituma elfu yako."

Hapo ndipo ukweli wangu ulipo, nao nitauandika kwa mkono wangu: nilimdharau, na dharau yangu ilikuwa na haki, lakini nilimpendea urahisi. Picha ilikuwa na bei. Yeye hakuwa nayo.

Karani akaita jina la mtu mwingine. Mkandaji akainama, taratibu, kwa maumivu, akavua soksi moja, kisha ya pili, akazikunja, akaziweka juu ya benchi. Sikuwahi kuiona miguu ile sakafuni mahali pa watu. Ilikuwa myeupe nyayoni, laini, kama ya mtu asiyewahi kufanya kazi. Kisha akanitazama mimi, hakumtazama yeye, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Bwana Mabati, kazi niliyomfanyia mkeo ina bei."

Mke wangu akashika mdomo kwa ule mkono mbovu.

"Fundi," akasema. "Usitaje."

"Faranga laki mbili, elfu kumi na mbili na mia tano," akasema Mkandaji. Alikuwa bado anahesabu kwa faranga za zamani, tano kwa ariari moja, kama wazee wote. "Nimetaja. Umesikia?"

Mke wangu alisikia. Alisimama pale kidogo, akimtazama miguu, ambayo sasa ilikuwa miguu tu. Kisha akachukua karatasi zake za hospitali kutoka mfukoni mwangu, akaenda mwenyewe hadi mlango wa daktari, akabisha.

Alipasuliwa. Anatembea. Mkono unashika kijiko na kikombe. Sindano haujashika, na daktari hatuahidi. Mkandaji sikumsamehe, na hadi alipozikwa sikuwahi kumsifu. Aliyekanyaga shingo asiyoijua ni aliyekanyaga shingo asiyoijua, hata kama siku ya mwisho alisema kweli. Lakini hilo la kutaja bei sikulitegemea, na ndilo nililosema lilinishangaza.

Siku ile pale ukumbini nilikwenda dirishani na karatasi ya mzee. Karani akaisoma, akabonyeza mashine, akanitajia bei ya picha ya nyonga kwa pesa za leo. Ilikuwa ileile aliyoitaja mzee, hakuzidisha hata moja. Nikatoa noti, nikahesabu mara mbili: ariari elfu arobaini na mbili na mia tano.